Matone mekundu chini ya vani: Jua yanakotoka kabla giaboksi haijashushwa

Ikiwa familia yako ina vani kuukuu yenye gia za otomatiki, kesho asubuhi kabla ya watoto kupanda na mikoba yao, inama kidogo utazame chini mahali ilipolala. Je, unaona doa? Likiwa jeusi, huenda ni mafuta ya injini, na hiyo ni hadithi nyingine. Likiwa jekundu, au la kahawia yenye wekundu, basi kuna jambo ambalo halifai kungoja mwisho wa mwezi.

Doa dogo lenye upana wa sarafu ya shilingi 20 halimtishi mtu. Wengi hulifunika kwa mchanga, au humlaumu jirani aliyeegesha hapo jana, na siku zinasonga. Kisha asubuhi moja gari linatiwa kwenye D, injini inanguruma, nalo limetulia tu kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisoma. Mambo yakifika hapo, fundi haongei tena kuhusu sili wala gasketi. Anaongea kuhusu giaboksi nzima, na bei ya vitu hivyo viwili hailingani hata kidogo.

Hata hivyo, kuna hasara ya pili ambayo watu hawaisemi sana. Ni ile ya mwenye gari anayeambiwa kwamba giaboksi imekufa, akauza ng'ombe au akachukua mkopo wa chama, ilhali kilichokuwa kimelegea ni klipu ya paipu. Anayejua mafuta yanatokea wapi hababaishwi upesi, na ndiyo sababu ya makala haya.

Nitazungumza hasa kuhusu ile Toyota TownAce Noah iliyotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2001, pamoja na ndugu yake LiteAce Noah. Utaziona katika mitaa mingi ya Nairobi, zikipeleka watoto shuleni, zikibeba wanakwaya na zikienda mazishini mashambani. Kwa kuwa Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa na umri usiozidi miaka 8, zilipofika Mombasa hazikuwa mpya, na leo hakuna hata moja ambayo haijapita miaka 20. Injini yake iko chini ya viti vya mbele, giaboksi inafuata nyuma yake, na propela shafti hupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Mwenye HiAce au vani nyingine ya mpangilio huu atafaidika pia.

Kazi ya mafuta haya

Gari la gia za mkono lina klachi unayoikanyaga. La otomatiki halina. Badala yake, kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konveta. Chukua feni mbili za mezani uzielekeze zitazamane. Washa moja tu, na utaona ile nyingine inaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Ndivyo konveta inavyofanya kazi, ila mahali pa upepo pana mafuta. Upande mmoja unazungushwa na injini, unayarusha mafuta, nayo yanausukuma upande wa pili unaoliendesha gari.

Mafuta hayo hayo husukumwa na pampu hadi ndani ya giaboksi, ambako hubana visahani vya klachi ili gia ishike. Kisha hulainisha na kupoza kila kitu. Yakipungua, pampu huvuta hewa, shinikizo hushuka, visahani huteleza badala ya kubana, joto hupanda na visahani huungua. Ndiyo maana gari lenye upungufu huchelewa kushika gia asubuhi, au injini hupiga kelele nyingi bila mwendo kuongezeka. Jambo hili huonekana zaidi ukipanda mlima, kwa mfano ukitoka Mai Mahiu kurudi Nairobi ukiwa na abiria tele, kwa sababu konveta hutoa joto jingi gari linapobeba mzigo mzito kwa mwendo wa polepole.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa ulikariri. Injini kuukuu inaweza kuchoma mafuta yake kidogo kidogo, yakatoka kama moshi. Giaboksi haichomi mafuta kwa njia hiyo. Yakipungua, jua kwamba yamevuja mahali fulani. Fundi anayekwambia kwamba ni kawaida mafuta ya gia kupungua na dawa ni kuongeza tu kila mwezi, mshukuru kwa adabu kisha utafute mwingine.

Kwanza, hakikisha ni yenyewe

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ambayo madukani huitwa ATF, hutiwa rangi nyekundu makusudi ili yasichanganywe na mengine. Lakini si kila kilicho chekundu ni ATF. Maji ya rejeta yanayotumiwa na Toyota nayo ni mekundu au ya waridi, na yamewatia watu wengi hofu ya bure. Kuyatofautisha ni rahisi. Chukua kifuniko cha chupa au kikombe cha plastiki ambacho utakitupa baadaye, tia maji safi, kisha dondosha tone la ulichokiokota chini. Maji ya rejeta yatachanganyika na kupotea. Mafuta yataelea juu. Usionje kamwe kama wafanyavyo wengine, kwani maji hayo ya rejeta ni sumu, na kwa vile yana utamu, yafute upesi kabla paka au mtoto hajayafikia.

Chukua pia karatasi nyeupe ya shashi uipanguse kwenye doa. Mafuta ya injini huacha weusi au kahawia nzito. ATF iliyo nzima huacha wekundu au uwaridi, na iliyochoka huacha kahawia inayoelekea wekundu pembezoni. Mafuta ya difu, kule nyuma kabisa, ni mazito na yananuka kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, karibu kama maji, nayo huonekana hasa karibu na magurudumu. Ukiyaona hayo, gari lisitoke nyumbani. Maji matupu yanayodondoka baada ya kutumia kipoza hewa hayana neno.

Halafu kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi. Vani nyingi za zamani hutumia ATF hiyo hiyo kwenye pawa stelingi. Kwa hivyo tone jekundu upande wa mbele laweza kuwa la usukani, wala giaboksi haina hatia. Fungua kikopo cha mafuta ya usukani utazame kama yamepungua. Ikiwa kikopo kimeshuka na giaboksi imejaa sawasawa, umeshampata mkosaji bila kulipa senti.

Pima kabla ya kufungua

Watu wengi hupima mafuta ya otomatiki kama wanavyopima ya injini, asubuhi gari likiwa baridi na limezimwa. Wakifanya hivyo katika Toyota hizi wanajidanganya. Gari likizimwa, sehemu ya mafuta hurudi chini kutoka kwenye konveta na kijiti huonyesha mengi kuliko yanayopatikana injini ikifanya kazi. Mtu akaridhika, kumbe yamepungua.

Njia iliyo sawa ni hii. Endesha gari kama dakika 20 lipate joto. Simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na mguu ukae kwenye breki. Injini ikiwa inanguruma polepole, sogeza mkono wa gia kutoka P hadi L na kurudi, ukitua kidogo kwenye kila herufi. Mwishoni rudisha P na usizime. Sasa chomoa kijiti cha giaboksi (si kile cha injini), kipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe usome. Mafuta yanatakiwa kuwa kati ya alama mbili za joto, zilizoandikwa HOT. Magari mengine, kama Honda, hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi baada ya safari, kwa hivyo kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Yakiwa chini ya alama, uvujaji ni wa kweli. Yakiwa juu ya alama, ngoja kwanza kabla ya kumlaumu mtu wa sili. Giaboksi iliyojazwa kupita kiasi huyachapa mafuta hadi yakawa povu, na povu hilo hutafuta njia kupitia tundu la kupumulia lililo juu au kupitia bomba la kijiti. Gari litachafuka upande wote na utadhani limepasuka. Tiba yake ni kupunguza mafuta hadi kwenye alama, basi. Nimewaona watu wakisikitika kwamba gari lao linavuja tangu lipewe huduma, nao hawakuwahi kujiuliza aliyelihudumia alitia kiasi gani.

Unapokuwa na kijiti mkononi, tazama rangi na unuse. Wekundu unaong'aa ni afya. Kahawia iliyoiva yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba visahani vimeanza kuumia. Uwaridi mzito kama maziwa yaliyotiwa rangi ni hatari, na nitaueleza baadaye kidogo.

Gazeti chini ya gari

Sasa tuingie kwenye upelelezi. Chukua kurasa kadhaa za gazeti (hata hili, ukishalisoma) au katoni iliyokunjuliwa, uzitandaze chini ya vani jioni kuanzia viti vya mbele hadi kwenye difu. Zibane kwa mawe. Andika kwa kalamu magurudumu yako wapi, upande upi ni wa dereva na upi ni wa mlango. Asubuhi utakuwa na ramani. Hakikisha gari limesimama mahali pasipo mteremko, maana mteremko huhamisha tone.

Ila ramani hiyo haimalizi kesi. Tone huanguka kutoka mahali pa chini kabisa ambapo mafuta yamefika, wala si pale yanapotokea. Yanaweza kuanzia juu kwenye bomba la kijiti, yakateremka ubavuni mwa giaboksi, yakafuata ukingo wa sampu na kudondoka kwenye bolti ya mwisho. Fundi asiye na subira huona bolti inadondosha na kununua gasketi ya sampu. Gari likitembea, upepo nao huyasukuma mafuta kuelekea nyuma, na ndiyo maana vani inayovuja mbele inaweza kuwa na uchafu hadi kwenye difu na taili la akiba. Kwa hivyo ukiangalia kwa tochi, usitafute mahali palipolowa zaidi. Tafuta mahali pa juu kabisa, na pa mbele kabisa, palipolowa.

Saa za kuvuja nazo ni ushahidi. Mafuta yakitoka injini ikifanya kazi na kukoma ikizimwa, shuku mahali penye shinikizo, hasa paipu zinazokwenda kwenye rejeta. Yakidondoka usiku kucha, shuku sampu. Kuna na vani ambayo ni safi siku za kazi, lakini ikikaa tangu Ijumaa hadi Jumatatu unakuta kidimbwi. Hiyo isikushangaze. Konveta huendelea kumwaga mafuta yake taratibu ndani ya sampu, kina kinapanda, na mafuta yanafika kwenye matundu ambayo kwa kawaida yako juu yake, kama vile sili ya mkono wa gia au mpira wa bomba la kijiti. Vitu hivyo viwili ni vidogo na si ghali. Inauma sana kuona giaboksi imeshushwa kwa ajili yake.

Ikiwa kila kitu kimelowa na hujui kianzie wapi, osha. Gari likiwa limepoa, sugua giaboksi kwa brashi na dawa ya kuondoa grisi au sabuni, bila kuelekeza maji yenye nguvu kwenye nyaya au tundu la kupumulia. Likauke. Kisha nyunyizia poda ya mtoto kwenye maungio yote na uendeshe kilomita 15 au 20. Mafuta yatachora mstari mwekundu kwenye poda nyeupe, na mstari huo una mwanzo. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaosoma makala haya wakiifanya kazi hii Jumamosi, watajifunza mengi kwayo.

Neno la tahadhari. Usiingie chini ya vani inayoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama fundi wako hufanya hivyo kila siku. Tumia stendi za chuma, zuia magurudumu kwa magogo, na watoto wakae mbali. Mara nyingi tochi na kioo kidogo vitakutosha bila kuinua gari.

Penye kuvuja na gharama yake

Tuanze na sampu, ile karai ya chini. Gasketi yake hukauka kwa joto na umri, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Kinachoiharibu mara nyingi ni mikono. Bolti zake ni nyembamba na zinahitaji nguvu kidogo tu ya spana fupi, zikikazwa kwa zamu kutoka upande huu hadi ule. Anayekaza kwa nguvu zote huipinda sampu, na baada ya hapo hakuna gasketi itakayoziba. Vilevile, akipaka gundi ya silikoni kwa wingi, vipande hukatika ndani na kwenda kuziba chujio. Msimamie akiifunga. Fahamu pia kwamba ukiifungua sampu hutoka sehemu tu ya mafuta, na mengine hubaki kwenye konveta, kwa hivyo kiasi cha kurudisha ni kile kilichotoka, na baada ya hapo upime kama nilivyoeleza.

Paipu za kupoza mafuta hutoka kwenye giaboksi hadi kwenye rejeta na kurudi. Katika vani hii safari yake ni ndefu, kwa sababu rejeta iko mbele na giaboksi iko katikati. Sehemu kubwa ni chuma, na kwenye maungio kuna mipira yenye klipu. Mipira hupasuka, klipu hulegea, chuma hupata kutu. Ukiona tone karibu na magurudumu ya mbele au kando ya rejeta, anzia hapa. Tiba ni rahisi, lakini usichelewe, maana paipu ikifumuka barabarani mafuta yanaweza kuisha mara moja. Na usikubali kuwekewa mpira wa maji ya rejeta eti kwa sababu unatosha. Mpira wa kupitisha mafuta ya moto ni wa aina yake.

Sili ya nyuma iko pale propela shafti inapoingia kwenye giaboksi. Ikichoka, shafti huyarusha mafuta kwa kuzunguka, na utaona mstari wa matone umechapwa kwenye sakafu ya gari kwa ndani ya chini, wakati mwingine hadi kwenye ekzosi. Kuibadilisha hakuhitaji kushusha giaboksi, propela shafti pekee ndiyo hutolewa. Mwambie fundi atikise shafti kabla ya kuweka sili mpya. Ikiwa bushi ya ndani imekwisha na shafti inacheza, sili mpya nayo itavuja upesi. Kwa mwenye Noah iliyoanza kutoka mwaka 2001, gari lake kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo asitafute sili hii, atafute zile za ekseli za kushoto na kulia.

Sasa tufike kwa yule anayeogopwa, sili ya mbele iliyo nyuma ya konveta. Huyu ndiye anayelazimu giaboksi ishuke. Sili yenyewe si ghali, kazi ndiyo ghali. Dalili yake ni mafuta yanayotoka chini ya kasha linalounganisha injini na giaboksi. Lakini mahali hapo hapo pia hutokea mafuta ya injini yanayovuja kwenye sili ya nyuma ya krankishafti. Zikiwa sili mbili na mlango mmoja wa kutokea, ni rangi itakayokuamulia. Pangusa kwa karatasi nyeupe pale kwenye kasha, usitegemee doa la chini lenye vumbi. Kahawia nyeusi ni injini, wekundu ni giaboksi. Kama itabidi ishushwe kweli, ni busara kubadilisha sili zote mbili wakati mmoja na kukagua bushi ya pampu, kwa sababu hutaki kulipia kazi hiyo mara mbili.

Nimebakisha uvujaji usioacha doa lolote chini. Ndani ya rejeta za aina nyingi kuna kijiselo ambamo mafuta ya gia hupita yakipozwa na maji. Kikioza, mafuta na maji hukutana. Utaona ute wa waridi unaofanana na maziwa ya strobari kwenye kijiti, au mafuta yakielea kwenye rejeta. Hapa usisitasite. Zima gari, wala usilipeleke gereji likijiendesha. Maji hulegeza gundi inayoshika visahani vya klachi, na kila kilomita unayoongeza ni hasara. Rejeta hubadilishwa, na giaboksi husafishwa yote hadi mafuta yatoke mekundu safi, kwa matumaini kwamba uliwahi.

Ukifika kwa fundi

Ukiwa na gazeti lako lenye alama na unajua kiwango cha mafuta, mazungumzo gereji hubadilika. Usimwambie gari linavuja, mtengenezee. Mwambie mafuta ni mekundu, yanatoka injini ikiwaka, na yanaanzia mahali fulani. Kina mama wanaopeleka magari peke yao wanajua vizuri jinsi bei inavyoweza kunenepa mteja akionekana hajui kitu. Mwombe akuonyeshe kwa tochi mahali mafuta yanapoanzia kabla ya kufungua bolti yoyote. Fundi mzuri hatakasirika. Mafundi wa jua kali wapo walio na macho makali kuliko wenye ofisi zenye kapeti, na wapo wanaobahatisha. Kuonyeshwa kwanza ndiko kutakakukutambulisha yupi ni yupi.

Sili ya kale ukaiondoe na kwenda nayo dukani, iwe Kirinyaga Road au kwingineko, uilinganishe na mpya kwa namba na kwa ukubwa. Sili bandia zipo, na mpira mbovu hautahimili joto la giaboksi. Kuhusu zile chupa za dawa ya kuziba uvujaji, maoni yangu ni kwamba ni kama panadoli. Hufanya mpira uliokauka uvimbe na kulainika, na sili iliyokauka tu inaweza kutulia kwa muda. Iliyochanika haitatulia, paipu iliyotoboka haitatulia, na gasketi ya sampu iliyopindwa haitatulia. Ukizitumia, usijihesabu umetengeneza.

Aina ya mafuta nayo si jambo la kukisia. Katika Toyota nyingi za zamani imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, ama Dexron ama T-IV. Tia iliyoandikwa. Vani za siku hizi zenye CVT hutumia mafuta yake maalumu, na kuzitilia ATF ya kawaida ni kuziua.

Na safari ya mashambani?

Swali linaloulizwa kila Desemba ni hili: gari linavuja kidogo, je, lifike Kakamega? Ikiwa kijiti bado kinasoma kati ya alama, chanzo kinajulikana, na tone ni la usiku kucha tu, wengi wamefika. Beba lita moja au mbili za ATF ya aina yake na faneli yenye shingo ndefu nyembamba, na upime Naivasha au Nakuru gari likiwa na joto. Ongeza kidogo kidogo, robo lita kisha upime tena. Ikiwa chanzo ni paipu au hukijui, safari na isubiri.

Njiani ukisikia harufu kali ya kuungua au ukiona moshi chini ya gari, usijiambie ni lori lililo mbele. Mafuta yakidondokea ekzosi yenye moto yanaweza kuwaka. Egesha kando, zima injini, na abiria wote wateremke kwa mlango wa kuteleza, ambao kwa bahati nzuri katika vani hizi uko kushoto, mbali na barabara. Wakae mbali na gari hadi litakapopoa.

Na gia zikiacha kushika kabisa, kusukuma hakutasaidia, maana gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Kulivuta kwa kamba nako kuna hatari yake. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini, kwa hivyo injini ikizimwa na magurudumu ya nyuma yakiendelea kubiringika, vyuma vya ndani vinazunguka bila mafuta. Mwambie mwenye gari la kuvuta ainue magurudumu ya nyuma, au kama hana kifaa hicho, fundi afungue propela shafti kwanza, bolti nne upande wa difu, na kuifunga vizuri isiburuzwe chini.